Lettow-Vorbeck na Ukimya wa Newala: Maisha ya Kamanda Aliyeijua Thamani ya Habari

Katika siku za mwisho za Novemba 1917, jeshi lililochoka lilipita Newala likielekea kusini. Mvua zilikuwa bado hazijaanza vizuri, na uwanda wa juu wa Makonde, ambao mchanga wake hunyonya maji kabla hayajatengeneza mto, haukuwa na visima vya kutosha kunywesha maelfu ya watu. Mbele yao ardhi iliporomoka ghafla kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Nyuma yao majeshi ya Uingereza yalikuwa yakikaribia kutoka Lindi, Kilwa na Liwale. Aliyeongoza msafara huo alikuwa afisa wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 47, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limejeruhiwa miaka 11 kabla: Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeitwa na askari wake Bwana Obersti.

Wakati huohuo yalikuwapo mambo mawili ambayo Bwana Obersti hakuwa na njia ya kuyajua. La kwanza, upande wa magharibi, kikosi chake kingine chenye askari zaidi ya 1,000 kilikuwa kikimtafuta, kikiwa karibu naye kuliko kilivyodhani. La pili, juu ya Afrika, chombo kikubwa cha anga kilichotoka Bulgaria kilikuwa safarini kumletea risasi na dawa, kikiwa na maelekezo ya kutua katika uwanda huohuo wa Makonde. Yote mawili hayakumfikia. Sababu ilikuwa ni mawasiliano, na simulizi ya maisha yake haiwezi kukamilika bila kueleza jambo hilo.

Kutoka Saarlouis hadi Dar es Salaam

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi, 1870 katika mji wa Saarlouis, mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa, katika ukoo wa wanajeshi. Alilelewa katika shule za kijeshi na kupanda vyeo kwa utaratibu wa jeshi la Kijerumani la wakati ule. Mwaka 1900 alipelekwa China, ambako mataifa ya Ulaya yalikuwa yakizima uasi wa Boxer. Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo leo ni Namibia, na akahudumu chini ya Jenerali Lothar von Trotha katika vita vilivyoangamiza sehemu kubwa ya Waherero na Wanama. Historia imevihesabu vita hivyo kuwa mauaji ya kimbari. Huko ndiko alikojeruhiwa jicho, na huko pia ndiko alikoona jinsi vikundi vidogo vinavyoijua ardhi yao vinavyoweza kulisumbua jeshi kubwa.

Januari 1914 aliwasili Dar es Salaam kuchukua uongozi wa jeshi la koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jeshi hilo lilikuwa dogo: makampuni 14, yenye Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Nyuma yake kulikuwa na nguvu ya akiba. Askari wa polisi waliokuwa wametawanyika katika maboma waliweza kuingizwa jeshini. Walowezi na watumishi wa serikali waliowahi kupata mafunzo ya kijeshi kwao waliitwa kushika silaha na kuunda makampuni yao. Ruga-ruga walikodiwa kama wasaidizi. Kamanda huyo mpya alitumia miezi michache kabla ya vita kuzunguka nchi, akikagua vikosi na kujifunza umbali uliopo kati ya boma na boma.

Umbali ndio uliokuwa tatizo lake la kwanza. Koloni lilikuwa na reli mbili zisizoungana, moja kutoka Tanga hadi Moshi na nyingine kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Waya za simu zilifuata reli na barabara kuu. Mitambo ya simu isiyo na waya ilikuwapo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Kusini, kuanzia Lindi kupita Masasi na Newala hadi Songea, habari iliendelea kutegemea zaidi miguu ya tarishi.

Minara ilikuwa shabaha ya kwanza

Vita vilipozuka Agosti 1914, Uingereza haikuanza kwa kushambulia kambi za askari. Tarehe 8 Agosti manowari Astraea iliishambulia Dar es Salaam kwa mizinga, na lengo lake lilikuwa mnara wa mawasiliano. Mwezi huohuo kituo kikubwa cha Kijerumani cha Kamina, nchini Togo, kilichounganisha makoloni na Ujerumani, kiliharibiwa ili kisitekwe. Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka Ziwa Victoria, yakauteka mji wa Bukoba kwa muda mfupi na kuubomoa mtambo wake. Mikonga ya chini ya bahari iliyopita Zanzibar ilikuwa tangu mwanzo mikononi mwa Waingereza. Mkakati ulikuwa bayana: kamanda aliyetengwa na nchi yake abaki akisikia minong'ono tu.

Lettow-Vorbeck aliujua vizuri upande wa pili wa shilingi, kwani ushindi wake wa kwanza mkubwa aliupata kwa sababu adui hakutunza siri. Mwezi Oktoba 1914 barua za Waingereza zilizokamatwa zilikuwa zimemdokeza kwamba jeshi kutoka India lilikuwa njiani. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilipofika mbele ya Tanga, nahodha wake aliona ni wajibu kuwaarifu viongozi wa mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha. Taarifa hiyo ilipelekwa Moshi kwa simu, na treni zikaanza kuteremsha askari kuelekea pwani. Jeshi la watu wapatao 8,000 liliposhuka ufukweni halikukuta mji mtupu. Tarehe 4 Novemba lilipigwa na kikosi cha watu takribani 1,000, na siku iliyofuata likarudi melini, likiacha nyuma bunduki, risasi zipatazo 600,000, mavazi na vifaa vya simu za vita. Vifaa hivyo vya simu vilitumiwa na waliovipata.

Hata hivyo, uzembe wa aina hiyo haukuwa wa upande mmoja. Wiki mbili kabla ya vita vya Tanga, Waingereza walipanda meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa imetia nanga Lindi. Ndani yake walikuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Salale, katika delta ya Rufiji. Kwa wiki kadhaa walikuwa wakiitafuta manowari Königsberg bila mafanikio, na sasa karatasi za shehena zilikuwa zimewaonyesha pa kutazama. Kabla ya Oktoba kwisha, manowari hiyo ilikuwa imeonekana katika maficho yake. Ilizingirwa kwa miezi mingi na hatimaye kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa na kukokotwa nchi kavu, lakini koloni lilikuwa limepoteza manowari yake kwa sababu ya karatasi ambazo hakuna aliyekumbuka kuzichoma moto.

Vita vyahamia Kusini

Mwaka 1916 jeshi kubwa chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini liliingia kutoka kaskazini, Wabelgiji wakaingia kutoka magharibi, na Wajerumani wakapoteza reli zote mbili. Mwezi Machi mwaka huo meli ya magendo iitwayo Marie ilifanikiwa kupenya na kushusha silaha katika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi. Mizigo ile haikuwa na reli wala gari la kuibeba. Ilibebwa na wapagazi, kichwa kwa kichwa, kwa mwendo wa majuma.

Habari nazo zilikwenda kwa mwendo huohuo. Kadiri waya za simu zilivyopotea pamoja na miji, ndivyo amri za Bwana Obersti zilivyozidi kutegemea tarishi waliopita porini usiku, na ndivyo uwezekano wa kukamatwa kwao ulivyoongezeka. Tarishi mmoja akikamatwa, amri hupotea na adui hupata mpango wote. Asipokamatwa lakini akachelewa siku tatu, amri humkuta mpokeaji katika hali nyingine kabisa.

Oktoba 1917, huko Mahiwa karibu na Nyangao, katika njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, Lettow-Vorbeck alipigana vita vikali kuliko vyote vya kampeni hiyo. Kwa siku nne, kuanzia tarehe 15, askari wake wapatao 1,500 waliwakabili Waingereza, Wanigeria na Wahindi karibu 5,000, ambao zaidi ya nusu waliuawa au kujeruhiwa. Alishinda, na kwa ushindi huo akapandishwa cheo kuwa Meja Jenerali. Hata hivyo alipoteza askari zaidi ya 500 na risasi ambazo hakuwa na mahali pa kuzipata tena. Mwezi uliofuata misheni ya Ndanda, iliyokuwa hospitali na ghala lake, iliangukia mikononi mwa Waingereza. Alirudi nyuma hadi Chiwata, kisha akapanda uwandani.

Nambindinga, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ndipo alipofanya uamuzi mgumu wa maisha yake ya kijeshi. Chakula, maji na dawa havikutosha kwa wote. Katikati ya Novemba aliamua kuwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wasioweza kuendelea, Wajerumani na Waafrika, wachukuliwe na adui. Alibaki na Wajerumani wapatao 300 na askari takribani 1,700, pamoja na maelfu ya wapagazi, wanawake na watoto. Kwa msafara huo alipita Kitangari na kufika Newala.

Kikosi kisichoonekana na chombo kilichogeuka

Kapteni Theodor Tafel alikuwa ameamriwa kuteremka kutoka Mahenge ili aungane na kamanda wake kusini. Kwa wiki kadhaa hapakuwa na habari za uhakika kati yao. Tafel alipigana njia nzima, akapita katikati ya vikosi vya Uingereza na kufika eneo la Ruvuma bila chakula. Kwa kukadiria, alikuwa amebakiza mwendo mfupi tu kukutana na aliyemtafuta. Hakujua kwamba Lettow-Vorbeck alikwisha kuvuka mto. Tarehe 28 Novemba, akiamini kwamba hakuna wa kuungana naye, alijisalimisha pamoja na watu wake wote. Theluthi moja au zaidi ya nguvu iliyobaki ya jeshi lile ilitoweka kwa siku moja bila kushindwa vitani.

Siku saba kabla, tarehe 21 Novemba, chombo cha anga cha Zeppelin chenye namba L 59 kilikuwa kimeruka kutoka Jambol, Bulgaria, kikiongozwa na Luteni-Kapteni Ludwig Bockholt. Kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 220, watu 22 na shehena ya tani zipatazo 15 za risasi, bunduki za mashine na dawa. Safari yake ilikuwa ya kwenda tu, kwa kuwa Makonde hapakuwa na gesi ya kukijaza upya. Ndiyo maana kila sehemu yake ilipangiwa kazi nyingine: kitambaa cha nje kiwe mahema na mavazi, na kiunzi cha chuma chepesi kiwe nguzo za majengo na za mtambo wa mawasiliano. Waliokiandaa walielewa kwamba mtambo wa kuzungumza na Ulaya ulikuwa na thamani kama ya risasi.

Tarehe 23 Novemba, kikiwa magharibi ya Khartoum, L 59 kilipokea ujumbe wa siri kutoka Ujerumani kikiagizwa kurudi. Berlin ilikuwa imepata taarifa kwamba sehemu kubwa ya uwanda wa juu wa Makonde, pamoja na Kitangari, ilikwisha kutwaliwa na Waingereza. Bockholt aligeuza chombo. Kilitua Jambol tarehe 25 Novemba baada ya takriban saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700, safari ambayo haikuwa imewahi kufanywa na chombo chochote cha anga.

Baada ya vita zilizuka simulizi kwamba ujumbe ule ulitungwa na majasusi wa Uingereza. Kumbukumbu za Kijerumani zinaonyesha kwamba ulitumwa na Wajerumani wenyewe, na maelezo yake yalikuwa ya kweli: Kitangari na Newala hazikuwa tena mahali salama pa kutua. Jambo ambalo Berlin haikuweza kufanya ni kumuuliza kamanda mwenyewe yuko wapi na anaelekea wapi. Ujumbe ulikifikia chombo kilichokuwa juu ya Sudan, lakini haukuweza kumfikia mtu aliyekuwa akiteremka Ruvuma.

Tarehe 25 Novemba, siku ileile L 59 kilipotua Bulgaria, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma huko Ngomano, akaishambulia kambi ya Wareno na kujipatia bunduki, risasi na chakula.

Siku mbili za ziada

Kwa karibu mwaka mmoja alizunguka Msumbiji, akiishi kwa alivyovipora. Habari za dunia alizipata hasa kwa mateka na kwa magazeti na barua alizoziteka. Septemba 1918 alivuka tena Ruvuma kurudi upande wa kaskazini, akapita Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Tarehe 11 Novemba vita vilikwisha Ulaya. Yeye alikuwa bado akisonga mbele. Tarehe 13 Novemba watu wake walimkamata mjumbe wa Kiingereza aliyepanda pikipiki, na katika nyaraka zake ndimo ilimokutwa habari kwamba silaha zimewekwa chini. Tarehe 25 Novemba, 1918 alijisalimisha rasmi Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, akiwa na Wajerumani 155 na askari 1,168.

Alipokelewa Berlin kwa shangwe mwaka 1919. Mwaka 1920 alihusika katika jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akaondolewa jeshini. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Hakukubali kuutumikia utawala wa Hitler katika nafasi aliyotakiwa kuishika, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikamchukulia wanawe wawili wa kiume. Mwaka 1953 alizuru tena Afrika Mashariki. Alifariki Hamburg tarehe 9 Machi, 1964, akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Gharama iliyobaki

Vitabu vingi vya Ulaya vimemsifu kuwa kamanda asiyeshindwa. Wananchi wa Masasi, Newala na Kusini yote wana hesabu nyingine. Majeshi ya pande zote mbili yaliishi kwa nafaka ya wakulima na kwa migongo ya vijana wao. Upande wa Uingereza pekee, wapagazi waliofariki katika vita hivyo wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Upande wa Wajerumani, wapagazi wengi hawakuandikwa hata majina. Vijiji vilivyoporwa viliingia katika njaa, na baada ya njaa yakaja maradhi ya mafua makali ya mwaka 1918. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwakumbusha wapita njia askari na wapagazi hao, ingawa haiwezi kuorodhesha majina ambayo hayakuwahi kuandikwa.

Ndiyo maana maisha ya Lettow-Vorbeck husomwa leo kwa tahadhari. Ujuzi wake wa vita haufuti madhara yake, na madhara yake hayafuti somo lililomo. Leo uwanda wa juu wa Makonde una barabara na minara ya simu, na vijana wanaopata mafunzo ya Jeshi la Akiba katika wilaya zinazopakana na Ruvuma huwa na simu mfukoni, chombo ambacho kwa umbali na wepesi kinauzidi mtambo wowote wa mwaka 1917. Anachokituma mmoja wao kwa nduguye huweza kusomwa mbali kuliko alivyokusudia, kama zilivyosomwa karatasi za Lindi. Na ujumbe wa lazima usiopofika kwa wakati hugharimu watu, kama ulivyomgharimu Tafel kikosi kizima.

Tarishi waliotumwa porini kati ya Mahenge na Newala katika miezi ile hawajulikani majina. Baadhi yao hawakurudi. Katika kampeni iliyotumia manowari, mizinga na chombo cha anga kirefu kuliko kiwanja cha mpira, hatima ya maelfu ya watu katika uwanda wa Makonde ilitegemea kama mmoja wao angefika.